Baada ya Milio ya Risasi: Huduma za Afya ya Akili na Kalenda ya Maumivu katika Rusizi (Cyangugu), Rwanda, tangu 1994

Tarehe 12 Aprili 1994, katika uwanja wa mpira wa Gashirabwoba uliokuwa ndani ya mkoa wa Cyangugu, askari wa serikali wakishirikiana na Interahamwe waliwazingira Watutsi waliokimbilia hapo, wakawamiminia risasi na kuwatupia maguruneti. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi husimuliwa zaidi kwa panga na rungu, na kwa haki. Hata hivyo, penye makundi makubwa ya watu waliojikusanya ili kujihami, mara nyingi bunduki ndiyo iliyotangulia na panga likafuata. Makala haya hayakusudii kuyarudia masimulizi ya mauaji hayo. Yanafuatilia swali lililoshughulikiwa kidogo zaidi: ni nani aliyewauguza akili wale waliobaki, na aliwauguza wakati gani? Hoja inayotetewa ni kwamba haja ya uuguzi huo haikupungua kadiri miaka ilivyopita. Ilipanda na kushuka kwa kufuata matukio ya hadhara, yaani kumbukumbu za Aprili, vikao vya mahakama, kuachiwa kwa wafungwa, na mapigano ya ng'ambo ya mto Rusizi.

Jiografia ya eneo lenyewe inahitaji kueleweka kwanza. Cyangugu iko ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ikitazamana na Bukavu. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yaliugawa mkoa huo wa zamani katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na Gashirabwoba ikaangukia Nyamasheke. Kwa sababu hiyo historia ya kiwewe cha eneo hili haiwezi kuandikwa kwa mipaka ya sasa pekee. Katikati ya Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikusanywa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka, mjini Cyangugu, wakilindwa na askari walewale waliowaruhusu wauaji kuja na orodha za majina na kuwachukua watu wa kwenda kuuawa. Waliosalia walihamishiwa kambi ya Nyarushishi, ambako takriban watu 8,000 walikutwa hai na askari wa Ufaransa mwishoni mwa Juni. Jambo la kuzingatiwa na mtafiti wa afya ya akili ni kwamba watu hao hawakupatwa na pigo moja likapita. Walikaa majuma mengi wakisubiri kusomwa kwa majina.

Vita vilipokwisha, nchi haikuwa na wataalamu wa kuwapokea. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, karibu na Kigali, yenyewe ilikuwa imeshambuliwa, na wagonjwa pamoja na waliojificha humo waliuawa. Daktari Naasson Munyandamutsa, aliyerejea kutoka Uswisi, alikuwa kwa muda miongoni mwa madaktari wa akili wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia kiwewe kilianzishwa mwaka 1995 katika mji mkuu. Kwa mjane wa Cyangugu, hilo lilimaanisha safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe, kwa ugonjwa ambao bado haukuwa na jina lililokubalika.

Suala la jina si dogo. Kinyarwanda kilipata neno *ihahamuka*, linalotokana na neno la mapafu na kuashiria mtu aliyeishiwa pumzi kana kwamba mapafu yamemtoka. Baadaye wataalamu walipendelea *ihungabana*, yaani kuyumba au kutikisika. Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na ambacho ndicho kiungo cha Kamembe na Bukavu, kinatumia *kiwewe*, neno ambalo kwa matumizi ya kila siku humaanisha kubabaika kwa muda tu. Muuguzi anayemwambia mgonjwa kwamba ana kiwewe huenda anasikika akimwambia kuwa ana wasiwasi utakaopita. Wanaistilahi wa Kiswahili wana kazi hapo, na haijafanywa.

Mahakama za gacaca zilienea nchi nzima kuanzia 2005 na kufungwa Juni 2012 baada ya kushughulikia karibu mashauri milioni mbili. Mara nyingi zilielezwa kuwa ni tiba ya jamii: ukweli ukisemwa, moyo hupona. Utafiti wa Karen Brounéus uliowahoji Wanyarwanda 1,200 ulionyesha kinyume chake. Waliotoa ushahidi gacaca walikuwa na viwango vya juu zaidi vya sonona na kiwewe kuliko wasiotoa. Matokeo hayo hayaipingi haki yenyewe. Yanapinga dhana kwamba shahidi aliyekwisha kusema amekwisha kutibiwa. Hukumu za mbali nazo zilifika vilimani kama pigo. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha, ilimwachia huru aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Cyangugu, Emmanuel Bagambiki, na kumhukumu Samuel Imanishimwe, kamanda wa kambi ya jeshi ya Karambo, miaka 27. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ilifuta hatia yake kuhusu Gashirabwoba kwa kuwa shtaka hilo halikuelezwa ipasavyo katika hati ya mashtaka, na kifungo kikashuka hadi miaka 12. Kisheria hoja hiyo ina uzito. Kwa aliyewazika jamaa zake kutoka uwanja ule, kuielewa kulihitaji mtu wa kukaa naye na kumfafanulia.

Taasisi iliyoielewa mapema kalenda hiyo ya maumivu haikuwa hospitali. Ilikuwa parokia ya Mushaka, Rusizi, chini ya Padre Ubald Rugirangoga. Padre huyu, ambaye mama yake na jamaa zaidi ya 80 waliuawa mwaka 1994, alikabiliwa na hali ambayo serikali haikuwa imeiandalia huduma: wafungwa waliokiri makosa walikuwa wakirudi nyumbani, wakikutana kisimani na kanisani na wale waliowafanya wajane. Utaratibu wa Mushaka ulikuwa na masharti. Aliyeua hakurudishiwa sakramenti kwa kuwa tu amemaliza kifungo. Alipitia mafundisho ya miezi sita, akamwendea aliyemkosea na kuomba msamaha, kisha akapokewa mbele ya waumini. Manusura nao waliandaliwa kwa upande wao kabla ya kukutanishwa naye. Rugirangoga mwenyewe aliwasomesha watoto wa mtu aliyehusika na kifo cha mama yake. Alifariki Januari 2021.

Nguvu ya mpango huo kwa mtazamo wa afya ya akili ilikuwa katika wakati wake, kabla hata ya mafundisho yake: uliwafikia watu wakati mkutano uliokuwa ukiogopwa umekaribia. Udhaifu wake uko palepale. Pale ambapo parokia nzima inasubiri msamaha, manusura asiyekuwa tayari hubeba mzigo wa pili, ule wa kuonekana mwenye moyo mgumu. Isitoshe, muumini wa dini nyingine au asiye na dini hana mlango wa kuingilia. Tiba-jamii ya Mvura Nkuvure, iliyoanza Byumba mwaka 2005, ilijaribu njia isiyodai hivyo: vikundi vya majirani 10 hadi 15 vinavyokutana kila wiki kwa wiki 15, vikianza na usalama na kuaminiana, na kuiacha kumbukumbu hadi hatua ya mwisho. Mpangilio huo ni kinyume kabisa cha gacaca.

Kwa washauri wa sera, Uchunguzi wa Kitaifa wa Afya ya Akili wa mwaka 2018 unatoa kipimo. Sonona ilikutwa kwa asilimia 12.0 ya watu kwa jumla, lakini asilimia 35.0 ya manusura. Kiwewe kwa asilimia 3.6 na 27.9 mtawalia. Asilimia 61.7 ya waliohojiwa walijua pa kupata msaada. Waliowahi kuutumia walikuwa asilimia 5.3. Kuongeza mabango ya matangazo hakutaziba pengo hilo, maana watu wanajua kliniki iko wapi. Kinachokosekana ni huduma inayotoka kwenda kuwakuta watu siku mahsusi: wiki ya mfungwa kurudi, siku mabaki ya marehemu yanapofukuliwa, asubuhi ya hukumu.

Siku za namna hiyo zinaendelea kuja. Waliofungwa miaka 20 na 25 wanamaliza vifungo vyao, na wanarudi kwenye vilima ambavyo watoto wa 1994 sasa ni wazazi. Bukavu ilipotekwa Juni 2004, na tena Februari 2025, milio ya silaha ilisikika ng'ambo hii ya mto, na watu wakavuka kuja Rusizi. Nyarushishi, mahali walipohifadhiwa manusura wa Kamarampaka, pamekuwa kituo cha kupokelea wakimbizi wa Kikongo. Wengi wao hueleza yaliyowapata kwa Kiswahili, na wahudumu wa kwanza wanaowapokea ni watu wa vilima vilevile.