Asili na Maana za Neno "Pilipili"

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya neno moja linalojulikana katika kila jiko la Afrika Mashariki na Kati, nalo ni pilipili. Huenda mtu akauliza: neno la jikoni lina haja gani ya kuandikiwa makala? Jibu letu ni kwamba sisi walimu wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo, mbali na pwani, huambiwa mara kwa mara na wanafunzi, na hata na wazazi wao, kuwa Kiswahili ni lugha ya kuazima tu. Neno hili laweza kutusaidia kuipima kauli hiyo.

Na tuanze na umbo. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa maneno kama polepole na sawasawa hudhani kuwa pilipili ni pili iliyotajwa mara mbili. Sivyo. Chimbuko lake ni Bara Hindi, ambako katika Kisanskriti pippali lilikuwa jina la pilipili ndefu, kiungo cha jamii moja na pilipili manga. Wagiriki walilitamka peperi na Warumi piper, na kutoka kwa Warumi likazaliwa poivre la Kifaransa. Waajemi walisema pilpil. Waarabu, ambao lugha yao haina sauti ya p, wakasema filfil.

Je, Waswahili walilipokea kwa nani? Wengi hujibu upesi: kwa Waarabu. Lakini tuchunguze. Kiswahili kinayo sauti ya f, na maneno ya Kiarabu yenye sauti hiyo yamebaki nayo: faida, fedha, fikra. Lau neno hili lingalitoka katika filfil, tungalitarajia kusema filifili. Sauti ya p yaelekea kuonyesha kwamba lilitoka vinywani mwa watu walioihifadhi, yaani Waajemi au Wahindi waliofuata pepo za kaskazi. Waswahili wakalitia irabu, kama desturi ya lugha yetu, pilpil ikawa pi-li-pi-li.

Hapa ndipo penye ajabu kubwa. Pilipili tunayoitwanga leo, ile inayowasha ulimi na kutoa machozi, haikutoka Bara Hindi wala Uajemi. Asili yake ni bara la Amerika, na kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 haikujulikana Afrika wala Asia. Hata hivyo Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kwenda Mombasa na Kilwa, aliandika kuwa aliandaliwa wali pamoja na pilipili zilizotiwa siki na chumvi. Hizo haziwezi kuwa hizi zetu. Zilikuwa za jamii ya pilipili manga. Kiungo cha Bara Hindi kilikwisha kufika pwani, basi, kabla ya tunda la Amerika. Lilipoletwa tunda hilo na Wareno baada ya mwaka 1498, lilipewa jina la kiungo cha zamani, kwa kuwa yote mawili ni makali. Wahispania na Waingereza nao walifanya vivyo hivyo katika lugha zao.

Jina moja likibeba vitu viwili, lugha hutafuta njia ya kuvitenga. Kile cha zamani kikaitwa pilipili manga. Manga ni nchi ya Waarabu, hasa Omani, nasi tunalikuta jina hilo katika komamanga na kungumanga. Pilipili hiyo hailimwi Omani, hutoka Malabar. Jina lake, basi, latueleza habari ya majahazi yaliyoileta, si ya shamba lililoiotesha. Wengine huiita pilipili mtama, kwa kufanana kwa punje. Ile ya Amerika ikaitwa pilipili hoho, na nyingine zikapewa majina ya mbuzi na kichaa. Mwalimu na aangalie hapa: kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, yaeleza pilipili hoho kuwa ile nyekundu ya kuwasha, lakini katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi leo, hoho ni lile tunda kubwa lisilowasha. Mwanafunzi anayefasiri kwa kamusi ya zamani ataharibu mchuzi na sentensi pia.

Neno hili halikukaa pwani. Wareno walilichukua wakalitamka piripiri, nalo likafika hadi Ureno. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilieneza Kiswahili hadi Ujiji na Kasongo, na leo pilipili ni neno la Kilingala pia. Halikushinda kila mahali: jirani zetu wa Rwanda husema urusenda, na Waganda husema kaamulali. Lakini liliingia katika Kifaransa kama pili-pili, likakutana humo na poivre. Maneno hayo mawili ni ndugu waliotengana katika Bara Hindi. Mmoja alipitia Ugiriki na Roma, mwingine akapitia bahari yetu.

Tumejibu basi kauli tuliyoanza nayo. Ni kweli kwamba Kiswahili kiliazima neno hili. Lakini kililipa irabu zake, kikalitumia kwa tunda jipya, kikalizalia mpilipili na mipilipili, kikalitungia methali, kisha kikawaazima Wareno na Wafaransa. Hakuna lugha kubwa isiyofanya hivyo, na Kifaransa tunachokiheshimu shuleni kimelipokea neno hilohilo mara mbili. Wahenga walisema: pilipili usiyoila yakuwashiani? Hii tunaila kila siku, nasi twafaa kuijua habari yake. Tunawashauri walimu wenzetu waliandike neno hili ubaoni siku watakayofundisha maneno ya mkopo, wachore na njia zake katika ramani, ili mwanafunzi aone kwa macho yake kwamba kuazima si umaskini wa lugha.