Hewa Iliyowapofusha Watoto

Sisi sote twajua kwamba mtu hawezi kuishi bila hewa. Nani basi angefikiri kwamba hewa njema yaweza kumpofusha mtoto? Kumbe jambo hilo lilitokea, na watoto karibu 10,000 walipofuka. Yafaa tujue habari hizo, kwani zimetufunulia siri kubwa ya jicho.

Mwaka 1942, mjini Boston katika Marekani, mganga wa macho Theodore Terry aliandika habari za watoto waliozaliwa mbele ya wakati. Miezi michache baada ya kuzaliwa, utando mweupe ulionekana nyuma ya mboni zao, nao wakawa vipofu. Tena ugonjwa huo ulionekana zaidi katika hospitali zenye vyombo vizuri kuliko katika zile maskini. Kwa nini?

Mwaka 1951, huko Melbourne katika Australia, mganga Kate Campbell alitambua kwamba waliopewa oksijeni nyingi ndio waliopofuka zaidi. Hospitali za kitajiri zilikuwa na visanduku vya kutunzia watoto vilivyofungwa barabara, vikijazwa oksijeni ili mtoto apumue vema. Lakini wengi hawakusadiki. Mganga Arnall Patz alipojaribu kuipunguza katika hospitali moja ya Washington, yasimuliwa kwamba wauguzi wengine waliwahurumia watoto, wakaiongeza usiku kwa siri. Nani atawalaumu? Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani zilianza kujaribu jambo hilo pamoja, na mwaka uliofuata jibu likawa wazi: oksijeni iliyozidi ndiyo iliyoleta upofu.

Hapo watu wakakimbilia upande wa pili. Oksijeni ikapunguzwa mno, na watoto wengine wakafa kwa kukosa pumzi. Ndivyo waganga walivyojifunza kupima kwa uangalifu.

Sasa tuulize: oksijeni iliharibuje jicho? Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna ngozi nyembamba iitwayo retina, nayo ndiyo inayopokea nuru. Mishipa yake ya damu huendelea kukua mpaka siku za kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa mapema akipewa oksijeni nyingi, mishipa huacha kukua, na mingine hufa. Halafu akirudishwa katika hewa ya kawaida, sehemu ya retina isiyo na mishipa huona njaa ya oksijeni, nayo huomba msaada. Mishipa mipya huota ovyo, huvuja damu, huacha kovu, na kovu huivuta retina mpaka ibanduke.

Mwaka 1948 mganga Isaac Michaelson alikuwa amewaza kwamba retina yenye njaa hutoa kitu fulani kinachoita mishipa. Kitu hicho kilitafutwa miaka mingi. Mwaka 1989, huko California, Napoleone Ferrara na wenzake walikipata: ni protini iitwayo VEGF. Mwaka 1994 waganga wa Boston waliikuta kwa wingi katika maji ya macho ya wagonjwa wa sukari ambao mishipa yao ilikuwa ikiota ovyo. Wataalamu wengine walionyesha jinsi chembe za mwili zinavyojua kwamba oksijeni imepungua na kuagiza VEGF itengenezwe; watatu kati yao walipewa tuzo la Nobel mwaka 2019.

Faida yake ni nini? Tangu mwaka 2004 kuna dawa za kuchoma sindano jichoni, ambazo huizuia protini hiyo. Wengi wameokolewa macho yao kwazo. Lakini jicho lililokwisha kuharibika kabisa halirudi. Kwa hiyo, mzazi uliyepata mtoto mbele ya wakati, uliza mapema macho yake yapimwe. Nawe mgonjwa wa sukari, usingoje giza: pimwa kila mwaka, hata kama waona vema.