Shokapu Ambazo Sikuziagiza



Jumamosi moja nilipeleka kigari changu gereji kubadilisha pedi za breki za mbele. Tukapatana na fundi Sh60,000, vifaa pamoja na ufundi, nikamwachia ufunguo na kupanda daladala kwenda kazini. Niliporudi jioni nikakuta bili imefika Sh205,000.

"Bosi, nimekuwekea na shokapu za mbele. Zako zilikuwa zimekufa."

Kwa nini hukunipigia simu? Eti alitaka kunisaidia nisije nikahangaika barabarani. Nikaomba basi nizione hizo zilizokufa. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshapita na kuzibeba. Na ufunguo wangu ulikuwa mfukoni mwake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na makala ya hasira kichwani, ya kuwalaani mafundi wa Bongo wote bila kubakiza hata mmoja. Kabla sijaiandika nikaanza kusoma wenzetu waliotutangulia kumiliki magari walifanywaje. Jamani, walinyolewa vibaya sana.

Mwaka 1941 jarida la Reader's Digest la Marekani lilifanya jaribio ambalo mwandishi yeyote angelionea wivu. Gari lilizungushwa katika majimbo yote 48 ya wakati ule. Karibu na kila gereji waya mmoja wa koili ulichomolewa makusudi, kisha fundi akaombwa atazame tatizo. Kuurudisha waya ule ni kazi ya sekunde chache. Katika gereji 347 zilizotembelewa, asilimia 63 zilimdanganya mteja: wengine walitoza kazi ambayo hawakuifanya, wengine walifunga vifaa visivyohitajika. Waandishi wenyewe, Roger William Riis na John Patric, mwaka uliofuata wakatoa kitabu kizima.

Ilichukua miaka 30 kwa jimbo la California kutunga sheria maalumu, mwaka 1971. Sheria ile haikumwomba fundi awe mwaminifu. Ilimtaka aandike makadirio ya gharama na apate ridhaa ya mteja kabla ya kushika spana. Akigundua tatizo jingine katikati ya kazi, anasimama na kuomba ridhaa upya. Na mteja akisema mapema kwamba anataka vifaa vyake vya zamani, anarudishiwa. (Niliposoma kipengele hicho nilizikumbuka shokapu zangu zikiondoka na mkokoteni.) Ikaundwa na idara ya kusimamia, na kila gereji ikatakiwa kusajiliwa.

Ungedhani yameisha. Lakini kisa kilichoninyima usingizi ni cha miaka 20 baadaye, na mhusika wake si fundi wa chini ya mwarobaini. Ni Sears, wakati ule moja ya kampuni kubwa kabisa za maduka nchini Marekani, iliyokuwa na gereji 72 California peke yake. Malalamiko yalipozidi, idara ile ikatuma wapelelezi wakijifanya wateja. Magari yao yalikuwa na tatizo moja tu, breki zilizochakaa, mengine yote mazima. Kati ya safari 38, katika 34 mpelelezi aliuziwa kazi isiyohitajika, shokapu na springi zikiwamo! Wastani wa kilichozidi ulikuwa dola 223 kwa gari. Mambo yakawekwa hadharani Juni 1992.

Wale hawakuwa vibaka. Walikuwa watu wenye sare, kadi za kazi na vyoo visafi. Kilichobadilika ni malipo. Mwaka 1990 kampuni ilianza kuwalipa wapokea wateja wake kamisheni kwa walichouza, na mafundi wakabanwa walipwe kulingana na wingi wa kazi. Wafanyakazi wakawekewa na viwango vya mauzo: breki kadhaa, springi kadhaa kwa zamu. Sasa mtu ana watoto nyumbani, zamu inakaribia kuisha, springi bado mbili, na mbele yake kasimama mama asiyejua springi inafananaje. Unategemea nini?

Sears ilikana kuwa ilikusudia kudanganya, ikafuta kamisheni ile, na mwaka huohuo ikakubali kumalizana na California kwa dola milioni 8. Wateja walipewa kuponi za dola 50, za kutumia palepale Sears. Hapo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Na sisi je? Tuna Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyochotwa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya India ya 1872, wakati ambapo gari la Karl Benz lilikuwa bado miaka zaidi ya kumi mbele. Sheria ile inampa fundi haki ya kuzuia mali hadi alipwe, lakini kwa kazi aliyoifanya kulingana na lengo la kukabidhiwa mali hiyo. Mimi nilimkabidhi gari kwa ajili ya pedi. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inasema ukinufaika na kitu alichokufanyia mtu kihalali, ambaye hakukusudia kukupa bure, umlipe au ukirudishe. Nitarudishaje shokapu wakati zangu zimeshakwenda na mkokoteni? Ningeenda nazo Mbagala kwa magoti?

Kwa hiyo jioni ile, kabla sijasoma chochote kati ya haya, tulivutana kama nusu saa mbele ya mafundi wenzake waliokuwa wakifurahia sinema ya bure. Tukaishia Sh130,000. Nikahesabu, akanipa ufunguo. Lazima niseme ukweli, gari sasa limetulia, ule mlio wa mbele nikipita kwenye mashimo umekwisha, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kabla sijawasha nikamuuliza, bila ugomvi sasa, tajiri wa gereji anamlipa mshahara kiasi gani.

"Mshahara wa wapi, kaka?" akasema huku akifuta mikono kwa tambara. "Nalipwa kwa kilichofungwa siku hiyo. Pedi peke yake ni nauli tu."