Nilipiga Gitaa Usiku Mzima na Shangazi Hakunisikia

Wasee, leo nina stori na nina maoni. Stori ni fupi, maoni ni marefu, na katikati kuna historia kidogo. Vumilieni.

Desemba iliyopita mbogi yetu ya watu wanne kutoka Kaaleng ilialikwa kupiga muziki kwenye harusi Lodwar. Kinanda, besi, dramu, na mimi na gitaa langu la umeme. Nilikuwa nimejipanga. Mama alikubali mbuzi mmoja auzwe, nikaongezea doo yangu ya kuchajia watu simu kwa sola, nikanunua pedali ya distoshen, ile inayofanya gitaa liungurume kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Muuzaji aliniambia, "Kijana, na hii utasikika mpaka Kakuma."

Nilipiga karibu masaa manne. Asubuhi shangazi yangu, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, akaniuliza kwa upole: "Na wewe mwanangu, mbona jana hukupiga gitaa?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai nikanyamaza. Lakini hilo swali lilinifanya nianze kusoma, na nimegundua kwamba shangazi aliuliza swali ambalo wapiga gitaa wameulizwa kwa miaka mia moja sasa.

Turudi nyuma. Miaka ya 1920 huko Marekani, bendi za dansi zilikuwa zimejaa tarumbeta na saksofoni. Gitaa la mbao, hata upige mpaka vidole vitoke damu, lilikuwa linamezwa. Ndipo George Beauchamp na mwenzake Adolph Rickenbacker wa Los Angeles wakaanza kuuza gitaa la umeme mwaka wa 1932. Lilikuwa la kulaza mapajani, duara ndogo na shingo ndefu, mpaka watu wakaliita kikaango. Kazi yake ni rahisi kuelewa: waya wa chuma unatikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa koili, koili inatoa umeme kidogo, amplifaya inaukuza. Mwaka wa 1950 Leo Fender akaanza kuuza gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzima, na hapo shida ya sauti ndogo ikaisha. Ama tulidhani imeisha.

Kwa sababu kumbe kuna shida mbili. Moja ni sauti kuwa ndogo. Ya pili ni sauti kuwa mahali ambapo mwingine ameshakaa. Mimi pale Lodwar nilikuwa na ya pili, na nikatumia dawa ya ya kwanza.

Dawa ya shida ya pili haikutoka kwa wanamuziki hata kidogo. Ilitoka kwa watu wa simu. Ukipitisha sauti ya mtu kwenye waya mrefu, waya unakula zile sauti nyembamba kuliko zile nzito. Mtu wa upande ule mwingine anasikia kama unaongea ukiwa ndani ya mtungi. Mafundi wakatengeneza saketi ya kurudisha kilicholiwa, ili sauti inayofika iwe sawa na ile iliyotoka. Ndiyo maana kitu hicho kikaitwa ekwalaiza, yaani kisawazishi. Baadaye redio wakakichukua, sinema wakakichukua, studio za muziki pia. Miaka ya 1970 kampuni ya MXR ya Rochester, New York, ikakiweka kwenye kiboksi cha kukanyagwa kwa mguu. Mwaka wa 1981 Boss ya Japani ikatoa GE-7, yenye slaida saba za kugawanya sauti na moja ya kuongeza au kupunguza yote. Mpaka leo inauzwa.

Hiyo ni historia ya wenye vifaa. Sasa historia yetu sisi, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji wa Katanga ambao sasa unaitwa Likasi, akamrekodi kijana anayeitwa Mwenda Jean Bosco. Gitaa moja la mbao. Hakuna amplifaya, hakuna pedali. Kidole gumba kilikuwa kinashika nyuzi nene, kidole cha pili kinacheza juu. Ukisikiliza unaapa ni watu wawili. Alichofanya ni kugawa sauti: nzito kazi yake hii, nyembamba kazi yake ile, na hazigombani. Ekwalaiza ilikuwa mkononi mwake.

Miaka ya 1960 gitaa la umeme likashika Nairobi. Pale Equator Sound Studios kulikuwa na Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao. Huku upande wa ziwa, benga ikawa inapanda. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, akawa na bendi yake ya Shirati Jazz. Watu wengi wanasema benga ni nyatiti iliyohamia kwenye gitaa, na ukisikiliza utaelewa. Nyatiti ina nyuzi nane, na inadonoa. Gitaa la solo la benga nalo linadonoa, juu kabisa, kavu, kali kama mbegu zikianguka kwenye bati. Chini yake besi inakimbia. Kati yao kuna nafasi, na kwenye hiyo nafasi ndipo sauti ya mwimbaji inakaa.

Halafu kuna ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walioanzisha Simba Wanyika Nairobi mwaka wa 1971. Mwaka wa 1978 baadhi ya wanabendi wakatoka, wakaunda Les Wanyika, hao wa Sina Makosa. Huo wimbo hata kama umezaliwa 2006 unaujua, usijifanye. Leo uweke tena, lakini usisikilize maneno. Fuata gitaa la ridhimu peke yake, kisha solo peke yake, kisha besi. Utaweza! Kila kimoja utakifuata kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukipoteza. Sasa jaribu kufanya hivyo na rekodi ya bendi yangu pale Lodwar. Nimejaribu. Nasikia kinanda na mtu anayekohoa.

Mi nina nadharia yangu, na ni yangu tu, msiniwekee maneno mdomoni. Huku kwetu kaskazini muziki wa Nairobi na Kongo ulitufikia kwa redio ndogo za betri. Babu alikuwa na moja, ameifunga kwa mpira wa tairi. Spika ya redio kama hiyo ni ndogo kama kikombe, na spika ndogo haiwezi kusukuma sauti nzito. Simu za zamani zilikuwa zinabeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na redio ndogo haiko mbali sana na hapo. Besi ilifia njiani, lakini gitaa lilifika Kaaleng. Lilifika kwa sababu wale wazee walikuwa wamelipigia palepale katikati, ambapo hata spika mbovu inaweza kulibeba. Muziki uliopangwa vizuri unavumilia barabara mbaya.

Sasa rudi kwa distoshen yangu. Distoshen inajaza. Inachukua noti moja na kuitandaza kila mahali, chini, katikati, juu. Kinanda chetu kilikuwa kimeshajaa hapo kati, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ulikuwa unatembea juu ya besi. Kila nilipokanyaga pedali, nilikuwa namimina maji kwenye mtungi uliojaa. Jamaa wa miksa akaona ni kelele, akanipunguza. Simlaumu. Hata mimi ningenipunguza.

Najua kuna mtu hapo anasema: si umetuambia Mwenda hakuwa na pedali, na wazee wa benga walisifika kwa vidole? Basi kwa nini mtu anunue ekwalaiza? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba wale walikuwa na vitu viwili ambavyo sisi hatuna. Walikuwa na mazoezi ya kila siku, kila mtu akijua sehemu yake. Na studio ilikuwa na fundi anayesikiliza wote na kuwasawazisha. Sisi tunafika harusini saa kumi na moja jioni, vyombo ni vya kukodi, jenereta ni la jirani, na mtu wa miksa ndiye pia anapiga picha. Ekwalaiza ni kafundi kadogo unakobeba kwenye begi.

Ndiyo maana maoni yangu ni haya: kama una pesa ya pedali moja tu, iwe ekwalaiza. Najua haina sifa. Hakuna msee atakuja kupiga nayo selfie. Lakini hiyo ndiyo itajibu swali la shangazi.

Kabla hujauza mbuzi lakini, fanya ya bure kwanza. Geuza vitufe vya amplifaya: punguza besi, ongeza kati. Mwambie mtu wa kinanda apumzishe mkono wa kushoto. Wewe panda juu kwenye shingo ya gitaa, acha nyuzi nene kwa mwenye besi. Badilisha nyuzi zilizochakaa. Fanya hivyo mwezi mmoja. Kama bado unamezwa, sasa tuongee duka.

Kwa bei, ile Boss ndiyo ya chuma na ya kudumu, na mfuko utalia. Behringer wana EQ700, ina slaida saba za sehemu zilezile: hezi 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200 na 6,400, na kila moja inapanda au kushuka desibeli 15. Bei yake mara nyingi haifiki nusu ya ile ya Boss. Tofauti utaiona kwenye mwili, kwa sababu ni wa plastiki. Kwa mtu anayesafiri juu ya lori kutoka Kaaleng hadi Lodwar, plastiki ni jambo la kufikiria. Ifunge kwa nguo, usiirushe. Ukipata Boss ya mkono wa pili, sukuma kila slaida juu na chini ukisikiliza. Ikikwaruza, vumbi limeingia, omba bei ishuke ama uiache.

Angalia umeme pia. Pedali nyingi za aina hii zinatumia volti 9, betri ama adapta, na adapta yake huwa na hasi katikati ya plagi. Ukichomeka ya kinyume unaweza kuiua siku ya kwanza. Na kama mnatumia sola yenye inveta ya bei rahisi, utasikia mvumo. Siku ya shoo weka betri mpya, mvumo mwingi utapungua.

Ukishaipata, usianze kwa kupandisha. Hili ndilo kosa la kila mtu. Ukipandisha slaida sauti inakuwa kubwa, na sikio linadanganyika kwamba imekuwa nzuri. Anza kwa kushusha. Waya mnene wa gitaa ukiupiga wazi unatoa karibu hezi 82, lakini huko chini ni kwa besi na dramu. Shusha 100, shusha 200 kidogo. Sikiliza bendi nzima, si gitaa lako peke yake. Kisha pandisha kidogo 800 ama 1,600, hapo ndipo sikio la mtu linakutafuta. Juu ya hapo nenda polepole: 3,200 ikizidi inachoma, na 6,400 ikizidi unaleta mchwichwi tu. Ukiwa peke yako chumbani gitaa litasikika jembamba na baya. Usiogope. Halikutengenezwa kusikika peke yake.

Mi nimeinunua ile ya plastiki. Distoshen nilimuuzia msee mwingine kwa hasara, na mbuzi wa pili hakuguswa. Mama anajua hesabu yote, kwa hivyo sina pa kujificha.

Ukipita Kakuma Jumapili, karibu na makanisa ya ndugu zetu Wakongo, simama kidogo nje. Spika zao si mpya kuliko zetu. Lakini sebene inapoanza, gitaa utalisikia ukiwa barabarani, kila noti, na kwaya bado inaimba juu yake. Mimi husimama hapo siku hizi nikihesabu nani amekaa wapi.

Mwezi wa nane tuna harusi nyingine, Lodwar tena. Shangazi atakuwa mstari wa mbele. Sijamwambia kitu.