Majengo Makongwe ya Mombasa

Majengo makongwe ya Mombasa ni masalio ya mji wa Waswahili uliosimama kwenye kisiwa cha Mvita karne kadhaa kabla ya Wareno kufika, pamoja na ngome, misikiti na nyumba za mawe zilizoongezwa chini ya tawala zilizofuata. Mashuhuri kuliko yote ni Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Kwa kuwa ina makumbusho, na ukubwa wake hauna mfano kisiwani, wageni wengi huanzia Ngomeni na kumalizia hapo hapo. Ziara ya namna hiyo inapotosha. Ngome ni kongwe, lakini imejengwa kwenye kisiwa ambacho tayari kilikuwa na mji mzee, na anayeianza historia ya Mombasa mwaka 1593 amekosa nusu yake.

Ushahidi wa jambo hili hautegemei masimulizi ya Shehe Mvita na Mwana Mkisi, ambao mapokeo yanawataja kuwa waanzilishi wa mji, peke yake. Mwanajiografia al-Idrisi aliitaja Mombasa katika kazi yake ya mwaka 1154. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi mkubwa. Uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Hamo Sassoon katika eneo la Hospitali Kuu ya Pwani, kaskazini mwa Mji wa Kale, ulifukua vigae vya vyombo vinavyoonyesha kuwa watu waliishi hapo karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza. Kamanda wa Wareno Francisco de Almeida alipouteka na kuuchoma mji mwaka 1505, taarifa za upande wake mwenyewe zilitaja nyumba ndefu za mawe. Habari ya misikiti ya mbao ndiyo ya kuzingatiwa zaidi, kwani inaeleza kwa nini mji huo wa kale hauonekani. Mbao huoza na makuti huungua, na mawe ya magofu huchukuliwa yakajengewa kwingine. Kutoonekana kwa mji, basi, si hoja ya kwamba haukuwepo.

Hata hivyo, si kila kitu kilipotea. Kusini-magharibi mwa kisiwa, karibu na mlango wa bahari wa Mbaraki, pana mnara wa matumbawe na chokaa ulio wazi ndani, na pembeni yake msikiti ambao asili yake ni ya karne ya 15. Baada ya msikiti ule wa kwanza kuachwa, mahali hapo pakawa pa kutambikia, na watu wamekuwa wakipeleka ubani na marashi ya mawaridi kuomba haja zao. Katika Mji wa Kale upo Msikiti wa Mandhry, ambao mapokeo yanaupa mwaka 1570. Mnara wake mweupe huanza mnene chini ukipungua kadiri unavyopanda, hadi kuishia kwenye ncha butu. Hauna nakshi za kujionyesha; uzuri wake uko kwenye umbo lenyewe na kwenye lipu ya chokaa.

Wapo watakaosema kuwa misikiti hii imekarabatiwa mara nyingi mno kuhesabiwa kuwa mikongwe. Hoja hiyo ina uzito, lakini ikikubaliwa itaiangusha Ngome pia. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili, wakaongeza minara na nyumba ndani yake. Kisha Waingereza waliigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Jengo la matumbawe hudumu kwa sababu linapakwa chokaa upya na boriti zake hubadilishwa, lisipotunzwa hubomoka. Wengine watasema kuwa Ngome ina nyaraka na tarehe za uhakika, ilhali Mbaraki na Mandhry vina makadirio na mapokeo. Ni kweli, lakini wingi wa nyaraka hupima bidii ya makarani tu, haupimi umri wa mji. Pingamizi la tatu ni zito kuliko hayo: msikiti ni nyumba ya ibada, si mahali pa kutalii. Jibu ni adabu. Mnara wa Mandhry huonekana vizuri kutoka barabarani. Anayetaka kuingia na aombe ruhusa, ajisitiri, avue viatu, na aepuke nyakati za swala.

Wala hoja hii haiishushi hadhi Ngome, inaifanya ieleweke. Wareno hawakuweka kuta nene na mizinga juu ya mwamba wa matumbawe ili kuulinda mji uliowapenda. Mombasa iliwapinga tangu mwanzo, ikachomwa zaidi ya mara moja, na katika miaka ya 1580 ikamkaribisha Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki. Ngome ilijengwa ili kuudhibiti mji wa aina hiyo, na hata hivyo mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliiteka kutoka ndani. Mgeni asiyejua kilichokuwepo kabla ya kuta hizo hawezi kueleza kwa nini zilihitajika. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni kuanza Mbaraki, kupita Mandhry, na kumalizia Ngomeni. Waongoza wageni na walimu wanaoleta wanafunzi Mombasa wangefanya vyema kuufuata.