Namba Zinazopendana

Andika vigawo vyote vya 220, ukiiacha yenyewe: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Vijumlishe, utapata 284. Vigawo vya 284 navyo ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220. Wayunani waliijua jozi hii. Iamblichus aliihusisha na Pythagoras. Kwa Kiarabu namba za namna hii ziliitwa mutahabba, zinazopendana, neno la shina moja na mahaba yetu.

Lakini jozi ya pili iko wapi? Swali hilo nimelifuata kwa kalamu na karatasi, likanifikisha Baghdad ya karne ya 9, kwa Thabit ibn Qurra. Alikuwa mtu wa Harran, mahali palipo leo Uturuki, na Kiarabu hakikuwa lugha yake ya mama. Alisahihisha tafsiri ya Kiarabu ya kitabu cha Euclid, akamtafsiri Nicomachus, akaona kwamba wote wawili walizishughulikia namba kamilifu kama 6 na 28, ambazo jumla ya vigawo vyake ni zenyewe. Zinazopendana hawakuzitafutia kanuni. Akaitafuta yeye, na akaithibitisha.

Nimeijaribu. Chukua 2 na 4, kila moja uizidishe kwa 3 na kutoa 1: 5 na 11. Zidisha 2 kwa 4, kisha kwa 9, toa 1: 71. Zote tatu ni namba tasa. Basi 4 × 5 × 11 ni 220, na 4 × 71 ni 284. Nikapanda ngazi moja, kwa 4 na 8. Nikapata 11, 23 na 287. Hapo njia ikakatika, maana 287 ni 7 × 41. Nikapanda tena, kwa 8 na 16: 23, 47 na 1,151, tasa zote. Nikazidisha kwa 16, na mbele yangu zikasimama 17,296 na 18,416.

Vitabu vingi vinampa Fermat jozi hiyo, kwa mwaka 1636. Mimi sikubali. Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, alikuwa nayo, na Ibn al-Banna wa Marrakesh pia. Jozi ya 9,363,584 na 9,437,056, ambayo Descartes aliiandika mwaka 1638, imo pia katika kazi ya Muhammad Baqir Yazdi, Mwajemi wa zama zile zile. Fermat na Descartes walifika kwa akili zao, na heshima yao naitoa. Ila kanuni waliyoifikia ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 700, na Ulaya haikusoma muhtasari wa risala ya Thabit hadi 1852, Franz Woepcke alipouchapisha kwa Kifaransa.

Kati ya hapo alipita Euler, akaongeza jozi kwa makumi. Naye alipitiwa. Mwaka 1866 kijana Mtaliano wa miaka 16, Paganini, alionyesha jozi ndogo ambayo kanuni ya Thabit haiwezi kuizaa, na iliyokaa karibu kabisa na ile ya kwanza muda wote huo: 1,184 na 1,210.