Mashine ya Mlangoni

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada yangu kwenda benki moja ya hapa Kahama. Mlangoni imesimama mashine yenye kioo cha kugusa, itoayo namba za foleni. Dada yangu, ambaye hakubahatika kusoma, aliigusa kama agusaye sufuria la moto. Hakikutoka kitu. Kijana aliyekuwa nyuma yetu akasema mashine hizo zimepitwa na wakati: siku hizi kila mtu ana simu yake, na hata walimu walipewa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022.

Sikumjibu. Lakini njiani kurudi Nyahanga nilikumbuka mwaka 1973, nilipokuwa mwalimu kijana, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya afya, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima walivisikiliza katika vikundi. Fahamu, ndugu msomaji, kwamba mkulima aliyeuza pamba yake vizuri aliweza kuwa na redio nyumbani, na kipindi kilikuwa kile kile. Kwa nini basi aje kubanana kwenye madawati ya watoto?

Alikuja kwa sababu kazi ilianza redio ilipozimwa. Kiongozi wa kikundi (walifundishwa wapatao 75,000) alisoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, watu wakabishana, kisha wakapatana la kufanya. Mimi niliongoza kikundi kimoja. Mzee mmoja alinibishia majuma manne juu ya kuchemsha maji: kuni zitoke wapi? Kijitabu changu hakikuwa na jibu. Ilibidi tulitafute wenyewe.

Wala sisemi kila chombo cha wote ni chema. Vibanda vya simu za kadi vya miaka ya 1990 vilikufa simu za mkononi zilipoenea, nami sikuvililia. Nilishasimama juani vya kutosha. Tena mimi mwenyewe nina deni. Chuo chetu kilipopata kompyuta ya kwanza, niliifungia ofisini, ufunguo mfukoni, nikihofu wanachuo wataiharibu. Kwa jina ilikuwa ya chuo kizima. Ilizeeka ikiwa safi. Mmoja wa wanachuo wale, sasa mwalimu mtu mzima, alipopewa kishikwambi alinipigia simu kuniuliza kinavyowashwa.

Kwa hiyo mashine ile ya mlangoni naiona inafaa, maadamu yupo mtu wa kusimama kando yake. Asipokuwapo, waiondoe, waweke benchi.

Siku ile mlinzi aliacha kiti chake, akamwambia dada yangu, "Shikamoo bibi. Gusa hapa, taratibu tu." Namba ikatoka. Juzi amekwenda tena, akaniambia nisijisumbue kumsindikiza, yule kijana wa mlangoni wamekwisha kujuana.